Kuandaa semina ya sheria kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam: mikataba, mifumo na hakimiliki

Semina nyingi za sheria mjini hapa zina mtindo mmoja. Wakili anasimama, anapitia vifungu kimoja baada ya kingine, washiriki wanapiga picha slaidi kwa simu, wanakunywa chai, wanapewa cheti. Jumatatu mwenye duka anarudi kusaini mkataba uleule alionakili kwa jirani mwaka juzi, kwa sababu hakuna aliyeugusa mkataba wenyewe. Mwongozo huu ni wa mwandaaji anayetaka semina ya siku moja ambapo mshiriki anakuja na karatasi zake na kuondoka nazo zikiwa zimechorwa wino mwekundu kila penye tundu. Vifungu vitatajwa, ila kila kimoja kitajwe pale kinapogusa karatasi iliyo mezani.

Anza na watu

Usitangaze semina ya "wafanyabiashara wote". Mwenye fremu Kariakoo anayeagiza mzigo China, kampuni ndogo ya programu Kijitonyama na studio ya picha na matangazo Sinza wote wanahitaji mikataba, usalama wa mifumo na hakimiliki, lakini kila mmoja kwa kipimo chake. Wa Kariakoo anaumizwa na hela iliyokwenda kwenye akaunti siyo, au fremu aliyolipia kilemba, yaani hela ya kuachiwa nafasi, bila maandishi yoyote. Wa Kijitonyama anabishana na mteja kuhusu mwenye mfumo. Wa Sinza anaona picha yake kwenye bango barabarani na hajalipwa senti. Chagua kundi moja, kipe kidonda chake muda mwingi, mada nyingine zipite kwa kasi. Ratiba iliyo hapa chini imepimwa kwa maduka na waagizaji wadogo na wa kati.

Watu 24 hadi 30 wanatosha, sita kila meza, mwezeshaji mmoja kwa meza mbili au tatu. Ukizidisha hapo, kazi ya kurekebisha mkataba haiwezekani tena na unachobaki nacho ni hotuba. Kila biashara ilete watu wawili: anayesaini na anayelipa. Akija mwenye kusaini peke yake, mhasibu aliyebaki ofisini ataendelea kutuma hela kwa maelekezo ya barua pepe bila kumpigia mtu yeyote.

Jambo la posho liseme mapema, kwenye tangazo lenyewe. Mjini hapa neno semina lina watu wake wanaolisikia kama bahasha. Andika wazi kwamba mshiriki analipia, hakuna nauli wala posho, na utaje kinachopatikana kwa ada hiyo: chai, chakula, kijitabu, na dakika 10 za wakili na karatasi yako.

Tarehe na mahali

Kalenda ya kodi ndiyo inayoua semina nyingi. Kodi ya mishahara inawasilishwa kabla ya tarehe 7 kupita, ritani ya VAT ikifika tarehe 20, kwa hiyo mhasibu hapatikani siku za mwanzo wa mwezi wala kati ya tarehe 15 na 20. Siku zinazofaa ni tarehe 8 hadi 13, au 22 hadi 27. Epuka pia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, ambapo wengi wanahangaikia awamu za kodi ya mapato. Siku za Sabasaba waonyeshaji wote wako viwanjani Barabara ya Kilwa. Ijumaa iache kabisa, maana ukikatisha kwa ajili ya swala, nusu ya watu hawarudi.

Mapema Julai kuna tatizo lingine. Sheria ya Fedha huanza kutumika tarehe 1 Julai kila mwaka na mara nyingi hugusa sheria nyingine nyingi, za hakimiliki zikiwemo. Kijitabu kilichochapishwa Mei kinaweza kuwa kimechakaa kabla hakijafunguliwa. Agosti ni mwezi mzuri. Mawakili nao wana nafasi zaidi wakati wa likizo ya mahakama, tarehe 15 Desemba hadi 31 Januari, lakini Desemba huwezi kumtoa mtu wa Kariakoo dukani, hata kwa nyama choma.

Ukumbi uwe karibu na njia ya mwendokasi au mahali mtu anapofika kwa bajaji bila kuvuka Ubungo au Tazara saa za foleni. Masaki panapendeza kwenye picha, ila mtu wa Mbagala atafika saa nne. Kabla ya kulipia ukumbi, omba wawashe jenereta mbele yako na uulize inachukua muda gani kushika umeme ukikatika. Viyoyozi vingi vya kumbi haviko kwenye jenereta. Pima pia mtandao kwa simu yako mwenyewe, ukiwa umekaa kwenye meza ya nyuma kabisa.

Wawezeshaji

Wanahitajika wakili wa mikataba ya biashara na mtu wa mifumo, yaani fundi hasa anayeweza kuonyesha barua pepe ya kitapeli na kuichambua mbele ya watu. Kwa hakimiliki, wakili anayefanya kazi hiyo kila siku anatosha, lakini ukipata afisa wa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kwa nusu saa ya maswali, washiriki watamganda.

Jina la wakili lihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kunaonyesha kama ana leseni hai ya kufanya kazi hiyo, na uhakiki wenyewe ni wa dakika mbili. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba hataigeuza siku kuwa soko la huduma zake, kwa kuwa maadili ya mawakili yanabana matangazo. Akishindwa kueleza jambo kwa Kiswahili, mbadilishe. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu, na anayefundisha wenye maduka hana kisingizio.

Na wewe mwenyewe saini nao mkataba. Andika ada, kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwa mtoa huduma mkazi, na nani mwenye slaidi, kijitabu na video ya siku hiyo. Ni aibu kufundisha hakimiliki halafu wiki mbili baadaye mwezeshaji akaikuta sauti yake YouTube bila kuulizwa. Kama umesajiliwa VAT, ada ya washiriki kwa kawaida inabeba asilimia 18, na kila mmoja apewe risiti ya EFD. Ambaye mauzo yake ya mwaka hayajafika shilingi milioni 200 kwa kawaida halazimiki kusajiliwa VAT. Tena aliye nje ya mfumo huo haruhusiwi kutoza.

Karatasi za washiriki, wiki mbili kabla

Hapa ndipo semina inaposimama au kuanguka. Kila anayejiandikisha alete nakala ya mkataba mmoja anaoutumia kweli: wa fremu, wa kusambaza bidhaa, wa fundi wa mfumo, wa mbunifu wa nembo. Nusu yao watasema hawana. Waambie walete chochote kilichotumika badala yake, iwe ankara, ujumbe wa WhatsApp au daftari. Hayo nayo ni ushahidi wa makubaliano, na mkataba wa mdomo unaweza kuwa halali ingawa kuuthibitisha ni shughuli.

Majina na namba zifichwe kabla ya nakala kumfikia mtu mwingine, na hapa watu hukosea kwa namna mbili. Ya kwanza ni kufunika kwa kalamu nyeusi kisha kugawa karatasi ileile: ukiiinua kwenye mwanga jina linasomeka. Funika, halafu toa fotokopi ya ile iliyofunikwa, ugawe fotokopi. Ya pili ni kuchora mstatili mweusi juu ya maandishi ndani ya faili la PDF. Maandishi bado yapo chini yake. Mtu akiyachagua na kuyanakili kwenye ukurasa mwingine yanatoka yote. Chapisha kwenye karatasi, skani upya, ndipo utume. Mtu wa mifumo alionyeshe hili ukumbini, lina mafunzo kuliko slaidi 10 za usiri.

Zisome karatasi zote kabla ya siku yenyewe na upange meza kwa unachokiona. Washindani wasikae pamoja. Dalali na mwenye fremu wanaogombana wasikutane meza moja.

Ratiba

Usajili saa mbili asubuhi. Mikataba saa 2:30 hadi 4:30. Chai nusu saa. Mifumo saa 5:00 hadi 6:30. Chakula na swala ya adhuhuri saa moja. Hakimiliki saa 7:30 hadi 9:00, kisha kliniki ya karatasi hadi saa 10:15, watu waondoke kabla barabara hazijafunga. Mikataba ikae asubuhi kwa sababu ndiyo inayochosha akili. Hakimiliki ina picha na muziki, inaweza kushindana na usingizi wa baada ya pilau.

Vifaa havina siri kubwa. Kijitabu cha kurasa 16 ni karatasi nane pande mbili; kwa nakala 32 utatumia karatasi 256, na ukiongeza mazoezi matatu ya karatasi moja moja unafika 352, yaani rimu moja inabakiza. Kalamu nyekundu 36, maiki mbili zenye betri mpya, na waya wa kuunganishia projekta wa akiba. Mikataba ya mazoezi ichapishwe kwa maandishi makubwa, yenye namba pembeni ya kila mstari, ili mtu aseme "mstari wa tatu" na wote watazame mahali pamoja.

Kipindi cha mikataba

Usianze na maana ya mkataba. Gawa karatasi hii, toa dakika 15, kila meza itafute matundu:

"Mtengenezaji atatengeneza mfumo wa mauzo kwa ajili ya Mwanga Mpya Fashion na kuukabidhi ndani ya muda mfupi iwezekanavyo. Malipo ni shilingi milioni 6, nusu mwanzo na nusu kazi ikiisha. Atakayevunja mkataba huu atamlipa mwenzake shilingi milioni 50."

Mistari mitatu, na inaonekana inatosha. Mwezeshaji aipasue hivi.

Mwanga Mpya Fashion ni nani? Kama ni kampuni iliyosajiliwa, iandikwe kwa jina lake kamili na namba ya usajili, na anayesaini aonyeshe mamlaka yake, mfano azimio la bodi. Kama ni jina la biashara tu, jina hilo halina nafsi ya kisheria. Anayebeba deni ni mmiliki, kwa hiyo aandikwe yeye, "anayefanya biashara kwa jina la Mwanga Mpya Fashion". Watu wengi wamekwenda mahakamani dhidi ya jina la dukani wakarudishwa mwanzo. Taarifa za kampuni au jina la biashara zinapatikana BRELA kwa mfumo wa mtandaoni, na utafutaji huo ufanyike kabla ya hela kutoka.

"Muda mfupi iwezekanavyo" haupimiki. Weka tarehe, na useme kinachotokea tarehe ikipita.

"Kazi ikiisha" ndipo penye ugomvi mkubwa. Nani anasema imeisha? Mtengenezaji ataona imeisha mfumo ukiwaka. Mwenye duka ataona haijaisha mpaka ripoti ya mwezi itoke sawa. Malipo yafungwe kwenye jambo linaloonekana kwa macho.

Milioni 50 kwa kazi ya milioni 6 ni kutishiana. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyeumizwa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa, kwa hiyo namba hiyo ni dari. Mahakama inaweza kutoa kidogo sana kuliko hapo. Weka kiasi unachoweza kukitetea kwa hesabu: hasara ya siku moja ya mauzo, kwa mfano, kwa kila siku ya ucheleweshaji.

Kisha kuna ambayo hayamo kabisa: nani mwenye msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, nani anashika nywila za msimamizi, taarifa za wateja zinakaa wapi, na nini kinatokea wakiachana. Baada ya meza kusema yao, onyesha toleo lililonyooshwa, japo kipande:

"Awamu ya pili ya malipo, shilingi milioni 3, italipwa ndani ya siku 7 tangu Mteja asaini fomu ya makabidhiano. Fomu itasainiwa mfumo ukishatoa, kwa siku 5 mfululizo za kazi, ripoti ya mauzo inayolingana na risiti za siku husika. Mteja asipotoa dosari kwa maandishi ndani ya siku 10 tangu kukabidhiwa, mfumo utahesabika umepokelewa. Siku ya kusaini fomu, Mtengenezaji atakabidhi msimbo chanzo na nywila zote za msimamizi."

Sentensi ile ya siku 10 inamlinda mtengenezaji, na iache palepale. Mkataba unaolinda upande mmoja tu husainiwa kwa shingo upande na kuvunjwa mapema.

Baada ya hapo gusa mambo matatu yanayosahaulika. Ushuru wa stempu kwanza: hati inayotakiwa kuwa na stempu ilipiwe ndani ya siku 30 tangu isainiwe, kwa mkataba wa pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Hati isiyolipiwa haipokelewi kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe, na wapangaji wengi huligundua hilo wakiwa tayari na kesi mkononi. La pili ni ukomo wa muda. Madai ya mkataba kwa ujumla yana miaka 6 na hesabu inaanza haki ya kudai inapozaliwa, siyo siku ulipochoka kusubiri. La tatu ni kipengele cha migogoro. Waagizaji wengi wamesaini ankara zenye maandishi madogo yanayosema usuluhishi, yaani mgogoro kuamuliwa na mtu aliyeteuliwa nje ya mahakama, utafanyika Guangzhou au Dubai. Tanzania imo tangu 1964 katika Mkataba wa New York wa mwaka 1958, unaohusu kutambua maamuzi ya usuluhishi ya nchi nyingine, hivyo uamuzi uliotolewa huko unaweza kukazwa hapa. Kama biashara ni kati ya watu wawili wa Dar, andika nani atamteua msuluhishi, akae wapi na atumie lugha gani; "tutasuluhishana kwa amani" peke yake haimpeleki mtu popote.

Kuhusu namba za vifungu, tahadhari moja kwa mwandaa kijitabu. Sheria zetu zimefanyiwa urekebu, yaani zimeunganishwa na marekebisho yake na kuchapishwa upya, Toleo la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025. Kijitabu cha zamani usikinakili kama kilivyo. Linganisha kila kifungu na toleo jipya.

Kipindi cha mifumo

Kila mtu ukumbini amewahi kupokea "ile hela tuma kwenye namba hii". Anza nayo, watacheka, kisha uwaonyeshe dada yake mkubwa anayevaa suti: barua pepe kutoka kwa muuzaji wa siku zote, kwa lugha ileile, yenye ankara halisi, ila namba ya akaunti imebadilishwa "kwa sababu ya ukaguzi". Mara nyingi mtapeli amekaa ndani ya barua pepe ya mmoja wenu kwa wiki kadhaa akisoma, anasubiri siku ya malipo. Fundi aonyeshe anwani mbili kwenye skrini, moja yenye herufi iliyobadilishwa, awape watu sekunde 10 waione. Wengi hawataiona. Ndiyo maana dawa haiko machoni.

Dawa iko kwenye mkataba na kwenye utaratibu wa ofisi. Kipengele kiseme: mabadiliko ya akaunti hayana nguvu mpaka yathibitishwe kwa simu, kwa namba iliyoandikwa kwenye mkataba huu, na anayelipa ndiye apige. Akipiga namba iliyo kwenye barua pepe mpya, anampigia tapeli. Mhasibu aondoke na sentensi hiyo imeandikwa kwa mkono wake. Namba za simu za kitapeli zinaripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040, na kila mmoja apige *106# palepale ukumbini aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Hapo huwa kuna kelele.

Zoezi la pili ni WhatsApp kama ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali mikataba na ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama hutazama ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haukuchezewa. Picha ya skrini iliyokatwa, inayoonyesha jina "Bosi Mzigo" badala ya namba, ni dhaifu. Fanyeni hatua kwa hatua: fungua maelezo ya mwasiliani namba ionekane, hamisha mazungumzo yote pamoja na tarehe, usifute yanayokuumiza, chapisha, andika nani alichapisha, lini na kwa kifaa gani, maana hayo ndiyo yatakayoingia kwenye kiapo. Simu yenyewe itunzwe. Anayeuza simu ya zamani ya ofisi kwa fundi wa mtaani anauza na kesi yake.

Taarifa binafsi zipewe dakika 25. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume, PDPC. Cheti kinadumu miaka 5. Mwenye duka atasema hakusanyi kitu. Muulize kuhusu kamera mlangoni, daftari la wadeni, nakala za vitambulisho vya wafanyakazi na orodha ya namba anazozitumia kurusha matangazo. Muulize pia nani ofisini anabandika mikataba ya wateja kwenye programu za akili unde ili imfupishie. Taarifa hizo huenda zinahifadhiwa nje ya nchi, na sheria ina masharti ya kusafirisha taarifa nje.

Lisiachwe suala la jina la tovuti. Tovuti nyingi za co.tz za wenye maduka zimesajiliwa kwa jina na barua pepe ya kijana aliyeitengeneza. Fundi atafute jina la tovuti ya kila mshiriki kwenye kumbukumbu za usajili palepale. Asiyeona jina lake aanze kudai uhamisho wiki hiyo, wakati bado wanasalimiana.

Kipindi cha hakimiliki

Bandika ukutani vitu sita: nembo, picha ya bidhaa iliyochukuliwa Instagram, tangazo lenye wimbo, jina la duka, mfumo wa mauzo, na wazo la biashara lililoandikwa mstari mmoja. Kila meza iamue nani mwenye nini. Majibu yatapishana vibaya, na hapo mwezeshaji anapata pa kuingilia.

Wazo halilindwi na hakimiliki; kinacholindwa ni namna lilivyotolewa, yaani maandishi, mchoro, msimbo. Jina la duka nalo si la hakimiliki, ni la alama za biashara, linasajiliwa BRELA kwa madaraja ya bidhaa na huduma: nguo daraja la 25, programu inayotolewa mtandaoni kama huduma daraja la 42. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Anayeuza na Unguja ajue usajili wa Bara hauvuki maji. Zanzibar kuna BPRA kwa alama na COSOZA kwa hakimiliki.

Nembo ndiyo inayoleta mshtuko. Aliyeichora kwa kazi ya kibarua ndiye mwenye haki kwanza, hata kama umemlipa, mpaka azihamishe kwa maandishi. Sentensi inayotosha: "Malipo yakikamilika, Mbunifu anamhamishia Mteja haki zote za kiuchumi katika nembo hii, kwa matumizi ya aina zote, ndani na nje ya Tanzania, na anakabidhi faili asilia linaloharirika." Faili asilia lisisahaulike. Bila hilo, kila ukitaka kubadilisha rangi unarudi kwa mtu yuleyule, na bei anapanga yeye. Kwa mwajiriwa wa kudumu, umiliki wa kazi zake uandikwe kwenye mkataba wa ajira ili swali lisizuke.

Picha ya Instagram ina mwenyewe, na kuandika "kwa hisani ya mtandao" hakumlipi. Wimbo kwenye tangazo una haki zaidi ya moja, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na kuununua kwenye simu hakukupi ruhusa ya kuutangazia sabuni. Muziki unaopigwa dukani au baa kwa wateja nao unahitaji leseni. Kwa kazi za kawaida ulinzi ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo "wimbo wa zamani" si hoja. Kusajili COSOTA si sharti la kuwa na haki, maana haki huzaliwa na kazi yenyewe, lakini cheti kinapunguza ubishi siku ya ubishi.

Programu zilizovunjwa kinga, zile za shilingi elfu 10 kwa fundi, zitaje kwa ufupi. Zinakiuka hakimiliki na ndizo zinazoingiza virusi vinavyosoma barua pepe ya mhasibu. Vipindi viwili vinakutana kwenye kompyuta moja.

Kliniki na baada yake

Dakika 10 kwa kila biashara, kwa namba kama benki. Wakili anaweka alama nyekundu kwenye nakala, anaandika mambo matatu ya kufanya na tarehe ya kila moja. Haandai mkataba mpya hapo. Hatoi ushauri kwa mtu dhidi ya mshiriki mwenzake aliyeko ukumbini, na kabla ya kuanza aulize jina la upande wa pili, huenda ni mteja wake. Anayehitaji zaidi aende kwa wakili anayemtaka mwenyewe.

Semina yenyewe inakusanya taarifa binafsi, na washiriki watatazama kama unafuata unachofundisha. Fomu ya usajili iombe jina, biashara na simu, basi. Namba ya NIDA ya nini? Ruhusa ya picha iwe kisanduku cha kuweka alama, na asiyetaka avae beji yenye mkanda wa rangi tofauti. Usiunde kundi la WhatsApp linalomwaga namba za watu wote. Tuma kwa orodha ya matangazo (broadcast). Daftari la mahudhurio lisiachwe mlangoni.

Wiki sita baadaye piga simu kwa kila biashara na uulize mambo mawili tu: ile namba ya uthibitisho wa malipo imeshaingia kwenye mkataba gani, na stempu ya pango imelipwa? Ukiona wengi wamekwama mahali pamoja, kipindi hicho kiongezewe muda semina ijayo. Nakala za mikataba zilizosahaulika mezani zirudishwe kwa wenyewe kwa bahasha iliyofungwa, na za wasiopatikana zipitishwe kwenye mashine ya kukatia karatasi. Zisitupwe nyuma ya ukumbi, maana karanga za Kariakoo hufungwa kwa karatasi za aina hiyohiyo.